Malkia wa Kuzimu Sebuleni kwa Mwenda

Jumapili, Githongo. Ukungu umefunika kahawa yote, na hasira niliyotoka nayo Embu haijashuka hata kwa chai.

Leo akina mama wa kanisa walikuwa wanabariki nyumba mpya ya kaka yangu Mwenda huko Embu. Nilienda na viazi vyangu na roho safi kabisa.

Juu ya televisheni, mahali nilipotarajia picha ya marehemu mama yetu, nikakuta mchoro wa mwanamke wa Kizungu mwenye uso wa mtu aliyelala njaa. Komamanga mkononi, giza tupu nyuma yake. Mwenda aliuagiza mtandaoni, ukaja umeviringishwa kama kalenda.

"Huyo ni Persefoni, sis, malkia wa kuzimu," akaniambia. "Ni sanaa ya Symbolist, ya mafumbo. Kila kitu hapo kina maana."

Tangu apate kazi ya ofisi, Mwenda haongei, anahutubia. Akanieleza jinsi binti huyo alivyoibwa na mfalme wa wafu, na mama yake akamtafuta dunia nzima hadi mimea ikakauka. Machozi yalimlengalenga, jamani! Mama yake mwenyewe alimngoja wodini hadi akakata roho. Mwenda alikuwa kwenye semina.

Nilimdharau pale pale, na bado namdharau.

Kanisa letu haliweki picha za watakatifu. Mama Kendi, kiongozi wa akina mama, alifika hapo na chupa yake ya mafuta akasita. Akamnong'oneza Makena, mke wa Mwenda, "Kwani mliingia Katoliki bila kutuambia?"

Makena akaangalia chini. "Ni Maria tu, mami. Tulimpata kwa offer."

Basi malkia wa kuzimu akaombewa, akapakwa mafuta, na sote tukasema amina. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Halafu nikaona kidole cha Mama Kendi kimetua kwenye kona ya fremu iliyoungua. Fremu ile naijua. Ni ya mti wetu wa mukima, na mama mwenyewe ndiye aliyeiunguza kwa jiko la makaa.

Kicheko kikanikauka.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza Mwenda mbele ya wageni.

"Si ako tu hapo nyuma? Fremu ilikuwa inatoshana."

Niliishusha, nikakunja misumari ya nyuma kwa kijiko, nikamtoa Persefoni na kumwacha kwenye kochi akijiviringisha. Mama alikuwa hapo, na kitambaa chake cha buluu, anacheka. Mama Kendi alimwangalia, kisha akachovya kidole kwenye mafuta upya.

Sasa mama yuko ukutani kwangu. Nimempangusa kioo mara mbili, na nimelia kidogo.

Mwenda ametuma ujumbe sasa hivi. Anauliza nitarudisha fremu lini.

Fremu!

Hajamtaja mama. Sijamjibu, na sijui kama nitamjibu. Acha naye atafute dunia nzima.