Vitambaa Kwenye Vigingi

Bweni la wafanyakazi, 3 Februari

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Usiniandikie kwamba hujambo, nitajua unanidanganya. Mimi mzima kama chuma, nazidi kupendeza, na wasichana wa chumba cha nyuzi wanapata tabu kufanya kazi nikipita.

Sasa kaa chini. Nimepata nyumba. Si kitanda cha juu kwenye bweni la wakoromaji kumi na wawili, nyumba. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani. Kampuni inajenga mtaa mpya kwa wafanyakazi wenye watu wa kutunza, nami nimekuandikisha wewe. Karani kaniuliza wewe ni nani kwangu, nikamwambia mke. Akaandika bibi. Hana utani yule.

Ramani imebandikwa langoni. Mji huu wote umechorwa kwa rula, Bibi. Kiwanda cha nguo katikati, mameneja juu kilimani na miti yao, halafu duka, zahanati, shule, na sisi tumepangwa kama meno ya kitana. Mtaa mpya utakaa bondeni, nyuma ya kiwanda. Upande wa juu, chini ya kilima, wameweka uwanja wa mpira, ili meneja mkuu auone akiwa barazani kwake. Vigingi vimeshapigiliwa. Yetu ni namba thelathini na moja. Nimesimama ndani yake, yaani kwenye nyasi, nikachagua pa kuweka kitanda chako.

Mjukuu wako, mwenye nyumba


14 Februari

Mume wangu mwenye nyasi,

Marahaba. Umeuliza kifua: kibaya kuliko mwezi jana. Daktari anasema moshi wa pasi ya mkaa umekaa humo miaka arobaini kama mpangaji asiyetaka kuhama, na nikiuongezea mwenzake, nisimwite yeye tena. Huku nilipo wanataka chumba chao mwisho wa Julai. Kwa hiyo nyumba yako naitaka, sikufichi.

Ila wewe kazi yako ni kukoleza moto wa boila. Umeniandikia choo, umeniandikia mpira. Moshi wa hilo boila unaelekea wapi? Mimi dobi, situndiki hata soksi kabla ya kujua upepo. Okota vitambaa vyeupe hapo kiwandani, vifunge kwenye vigingi, uniambie. Vikichafuka siji, nitafute pengine.

Bibi yako


2 Machi

Bibi,

Shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa shingo upande. Mimi sijambo mwilini. Jina ndilo gonjwa.

Nilifunga vitambaa kumi na viwili saa sita mchana, nilipotoka zamu. Nikatangaza kiwanda kizima kwamba nitamwonyesha mchora ramani kazi. Jioni tukaenda kuvianua, mimi mbele, watu nyuma, na mchora ramani mwenyewe. Vyeupe kama meno yangu. Mchora ramani akacheka mpaka akashika kigingi. Anasema amekuja hapa mara tatu na kipima upepo chake, saa nne asubuhi kila mara, na moshi anauona mwembamba, unakwenda juu moja kwa moja. Sasa bwaloni naitwa Dobi. Mpishi kaniletea shati lake.

Haya, moshi haupo. Nyumba nisipoitilia sahihi kabla ya tarehe ishirini anapewa mwingine. Funga mizigo.

Mjukuu wako aliyeaibika


9 Machi

Bwana Dobi,

Marahaba. Mimi nimeamka salama, wewe ndiye bado umelala.

Nani kakufundisha kuanika mchana na kuanua jioni? Uliniambia boila mnaliwasha saa kumi alfajiri, na moto ukiwa mchanga ndipo unapotoa moshi mzito. Saa hizo upepo unateremka kutoka kilimani. Jua likipanda unageuka. Kila dobi anajua, ndiyo maana nguo za watu hatuzilazi nje. Huyo mchora ramani akija saa nne, ameshakunywa chai, atauona moshi gani?

Vifunge jioni, vilale. Na safari hii usitangaze. Usitie sahihi kabla hujaviona. Nakuomba, baba.

Bibi yako


19 Machi

Mke wangu,

Shikamoo mara saba. U mzima? Kifua? Kaa chini tena.

Nilivifunga jioni, mdomo nimeubana hata ukaniuma. Nilipotoka zamu nikaenda bondeni. Bibi, masizi. Cheusi kilichozidi vyote ni cha thelathini na moja. Sikuvianua. Nilisimama tu pale, zamu mpya ikipita njia ya hapo bondeni kuingia kiwandani. Mmoja akasimama, halafu kumi, halafu sikuona mwisho wao. Hakuna aliyeniita Dobi. Mashine zikachelewa, na mashine zikichelewa meneja mkuu anashuka kilimani kwa miguu yake.

Akapitisha kidole kwenye kitambaa, akamwonyesha mchora ramani kile kidole. Akanigeukia.

"Wewe unataka nini? Tuzime boila?"

"Hapana, mzee. Hamisha mpira. Uwanja uje huku, nyumba ziende kule juu. Mpira tunacheza jioni, moshi umeshapungua. Alfajiri ndipo watu wamelala."

Akatazama bonde, akatazama uwanja.

"Umesomea wapi haya?"

"Darasa la sita, mzee. Mengine kanifundisha bibi yangu. Anafua nguo."

Akamwambia mchora ramani atoe penseli. Ramani ikachorwa upya hapo hapo, Bibi, juu ya mgongo wangu, maana meza haikuwepo. Kisha akanung'unika kwamba hatauona mpira tena barazani. Nikamwambia aje uwanjani kama wengine, mshambuliaji ni mimi, hatajuta.

Sahihi nimetia leo, kwenye ramani mpya. Vigingi vimeshang'olewa.

Mjukuu wako, ambaye kiburi chake sasa hakina dawa


Namba thelathini na moja, 2 Agosti

Mume wangu,

Nakuandikia ingawa tunalala nyumba moja, kwa sababu ukirudi utanikuta kitandani. Habari za zamu?

Ulipotoka nami niliamka. Nikafungua dirisha la chumba changu, nikavuta kiti, nikangoja uwashe. Moshi nimeuona ukitoka mweusi. Ukainama, ukateremka bondeni, ukapita juu ya magoli, ukaenda zake. Jirani wa thelathini na mbili, yule mwenye mtoto mchanga, naye kafungua la kwake, tukapungiana mikono. Nimekaa hapo mpaka jua likanigusa magotini, navuta pumzi kama msichana.

Kisha nimerudi kulala, dirisha wazi. Chai jipikie.

Bibi yako