Mwalimu wa Kwenye Mkanda

Ifakara, Ijumaa, mwezi wa tano. Mvua ya leo ni ya kusuasua, haikati wala haijazi ndoo. Matope yamefika hadi kizingiti cha banda.

Shajara, nina shaka na mtu. Tena mtu mzima. Tena mwalimu.

Kwanza nijitambulishe, ingawa kuanzia sokoni hadi Lumemo hakuna asiyenijua. Mimi ndiye Deo, mwendesha deki wa banda la video la mjomba. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Lakini niletee deki iliyokufa, inayotoa mvua tupu kwenye skrini, nitaifufua kwa pamba na spiriti. Filamu za Wachina nazitafsiri kwa sauti mbele ya watu, na Kichina sijui hata neno moja. Watu wanalia. Wengine wanarudi kesho yake walie tena.

Sasa mwanzoni mwa mwezi huu akaja Mwalimu Pius, anayefundisha fizikia shule ya sekondari. Fizikia ya shule nzima ni yeye peke yake. Akaniambia amepata kamera ya yule jamaa anayepiga picha za harusi. Anajirekodi akifundisha, kisha anataka mikanda ipigwe hapa bandani Ijumaa mchana, kabla filamu hazijaanza.

Nikamuuliza, kwani darasa limebomoka?

Halijabomoka, ila nusu yake ni benchi tupu. Mpunga umeanza kujaa punje, familia zimehamia mashambani, na wanafunzi wako kule Lupiro juu ya madungu, vile vichanja vya kulindia shamba, wanaamia ndege wasile mpunga. Mdogo wangu Skola ni mmojawapo. Yuko kidato cha nne, mtihani ni mwaka huu huu, na tangu mvua zishike amekaa na mama dunguni, anavuta kamba za makopo na kurusha udongo kwa fimbo. Anavuka mto Ijumaa kuja kuchukua chumvi na mafuta ya taa, Jumamosi anarudi.

Mwalimu Pius akasema hao wa Ijumaa ndio anaowataka. Akaongeza mambo ya ajabu. Eti huko mbele kuna kitu kinaitwa intaneti, kompyuta zinazungumza zenyewe kwa waya wa simu, na siku moja mtoto aliye dunguni atabonyeza tu na kumwona mwalimu wake akifundisha, saa anayotaka yeye.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. "Mwalimu, simu ya posta yenyewe ukipiga Morogoro unajibiwa na mvumo. Leo ipitishe mtu mzima na chaki yake?"

"Cheka, bwana mdogo," akasema. "Utakuja kuniambia."

Mjomba akakubali, kwa kuwa mjomba anapenda kuitwa mfadhili. Mimi ndipo nikaanza kufikiri.

Mwalimu yupo, darasa lipo, anajirekodi ili iweje? Si awasubiri warudi? Halafu mke wake amepanda treni kwenda kwao Mlimba. Likizo, anasema mwalimu. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo stesheni, nimefuata mzigo wa mjomba, na nikaona kwa macho yangu godoro linapandishwa. Na masufuria. Na mashine ya kushonea.

Nani anakwenda likizo na godoro?

Niliunganisha mwenyewe. Mtu anayeacha sauti yake kwenye mkanda ni mtu anayejiandaa kuondoka. Akienda huyo, Skola na wenzake watabaki na televisheni ya inchi kumi na nne. Sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza nione huo mkanda unafundishaje.

Leo ndipo ulipopigwa wa kwanza.

Walikuja wengi, miguu ina matope ya Lupiro hadi magotini. Nikawasha jenereta, nikatumbukiza mkanda. Mwalimu Pius akatokea kwenye skrini, amevaa koti, nyuma yake ubao. Na banda zima, shajara, banda zima likasimama kwa pamoja.

"Shikamoo mwalimuuu!"

Mwalimu hakuitikia. Alirekodi kwenye chumba kitupu, nani angemkumbusha? Hakusema marahaba, hakusema kaeni, akaanza moja kwa moja na mkondo wa umeme. Na watoto wakabaki wima. Hutaki kuamini lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanamwogopa Mwalimu Pius hata akiwa mdogo kama mkate. Wa nyuma hawaoni kitu, wa mbele hawathubutu kukaa, yeye anaandika tu ubaoni.

Nikasimamisha mkanda. Nikajikohoza. "Marahaba. Kaeni."

Wakakaa! Mimi, niliyeachwa na kidato cha pili, nimekalisha kidato cha nne. Ningekuwa na chaki ningemrushia mtu.

Nikaendeleza. Mwalimu anasema sentensi kwa Kiingereza, anairudia kwa Kiswahili, lakini mvua kwenye bati inameza nusu. Mmoja akanipigia kelele, "Injinia, tafsiri basi!" Nami ukiniambia tafsiri, mdomo unatangulia. Mwalimu alikuwa amechora balbu zinazofuatana kwenye waya mmoja, anasema zitafifia. Nikawaelezea kwamba balbu ya kwanza ni choyo, inakunywa umeme wote, za nyuma zinalamba chungu. Watu wakacheka, wakaanza kuandika.

"Msiandike!" Skola huyo. "Kaka, hapo umetunga. Amesema zote zinafifia sawa."

"Wewe umesikia wapi na mvua hii?"

"Rudisha nyuma tusikie."

Nikarudisha. Kweli, zote sawa. Banda likanizomea hadi mjomba akachungulia.

Skola akanyoosha mkono. Aliinyooshea televisheni, mkono juu kabisa, akasubiri. Nilitaka kumtania nikashindwa, alivyokuwa amekaza uso. Nikamwambia, sema. Akasema anataka kujua ni kwa nini zinafifia sawa, wakati umeme unaanza kwa ile ya kwanza.

Nikarudisha. Mwalimu akasema zinafifia. Rudisha tena, akasema Skola. Mwalimu akasema zinafifia, kwa sauti ile ile, akigeuka ubaoni kwa upande ule ule, akijikuna sikio pale pale. Mara ya tatu Skola mwenyewe akasema basi, acha.

Nimekaa darasani kwa Mwalimu Pius miaka miwili, sitamsifia bure. Ni mkali, na chaki yake inajua kichwa changu kilipo. Lakini ukimuuliza mara ya pili, baada ya kukutukana kidogo, anatafuta njia nyingine. Atachukua kamba, atawapanga watu mlangoni, atafanya kituko mpaka uelewe. Wa kwenye mkanda ni mpole, hachoki, ukitaka unamrudisha hadi kesho.

Ila njia nyingine hana.

Jioni nikamfuata kwake. Sikuzunguka. Nikatoa shikamoo, akaitikia, nikamwambia, "Mwalimu, unaondoka."

"Nani kakuambia?"

"Godoro."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema ameomba uhamisho kwenda Mlimba, mama yake amepooza na mke ametangulia kumtunza. Barua haijaja. Inaweza kuja baada ya mavuno, inaweza kuja Jumatatu. "Ikija, Deo, nitakwenda. Ndiyo maana ya mikanda. Nilichonacho nawaachia."

Nilikwenda pale nimejiandaa kumvua nguo kwa maneno. Nikamwambia tu kuhusu swali la Skola.

Uso ukamwamka. "Kauliza hivyo? Mbona darasani hanyanyui mkono?"

"Darasani hayupo, mwalimu. Yuko dunguni."

"Basi mlete. Nikiwa bado nipo, mlete kila siku, jioni nitamfundisha na yale yaliyompita. Hilo swali halijibiki kwa dakika moja."

Nimerudi nyumbani nimemkuta Skola anafunga chumvi na mafuta ya taa tayari kwa safari ya kesho. Nikamwambia abaki. Akauliza ndege nitawaambia nini, waende likizo? Mama yuko peke yake, na kweleakwelea wakishuka shamba ni majani matupu.

Nikasema nitakwenda mimi.

Amecheka hadi chumvi ikamwagika. "Wewe? Mtu wa kivulini? Utatafsiri kelele za ndege?"

Acha acheke. Mjomba naye amenuna, lakini nimemfundisha mwanawe kubonyeza, na wapenzi wa Wachina watavumilia kusikia Kichina kitupu kwa muda. Mimi mkono wangu wa kurusha udongo haujaoza. Lupiro watasimulia.

Bado simwamini Mwalimu Pius. Namwonea huruma, namwamini nusu. Mtu aliyekwisha safirisha sufuria zake, moyo wake uko njiani.

Kwa hiyo kesho navuka na pantoni ya kwanza, na Skola Jumatatu atakaa benchi la mbele. Aulize, ajibiwe, aulize tena. Barua ikitaka kuja, na icheleweshwe na mvua hii hii.