Malaika Huuliza kwa Lugha Gani

Dada Sikudhani,

Shikamoo. Kukusalimu ninaruhusiwa. Mtume mwenyewe alitufundisha kuwasalimu watu wa makaburini, na kwa hilo wanazuoni hawagombani. Wanachogombania ni kama mnasikia. Hoja za upande huu na za upande ule nimezisoma tangu ujana, na nilikuwa na upande wangu. Leo naandika kama mtu anayeamini kwamba unasikia, kwa sababu nisipoandika hivyo sijui nifanye nini na haya yaliyomo kifuani.

Kusoma hukujua. Barua nilizokuletea kutoka Dar es Salaam wakati ule nasoma, ulikuwa ukisomewa na mwenye duka wa Marui, na nilipokuja likizo ulinigombeza: "Wee Rama, mambo yetu unayatangaza dukani! Ukitaka kusema na mimi njoo na mdomo wako." Sasa siwezi kuja. Miguu imevimba, na nikitoka kitandani kwenda uani tu pumzi inakatika. Walinipakia kwenye lori mpaka hospitali kubwa ya mjini. Daktari wa Kizungu akanisikiliza moyo muda mrefu, akanipa dawa ya maji, akaniambia nisipande ngazi. Ngazi, Kisarawe hii! Nikajua amekosa la kuniambia.

Naswali nimekaa. Binti yako Tatu ndiye anayenihudumia. Ananikorogea uji, ananifulia, ananimiminia maji nikitawadha. Lakini tangu tulipokuzika mwaka jana hakuwa akinipa zaidi ya shikamoo. Sababu yake ninaijua, na ndiyo ninayotaka kuisema kabla sijafa.

Siku ile ulikuwa barazani kwako unabangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu. Nilikuwa nimekuja na wanafunzi wangu wawili, wao wakaenda msikitini, tukabaki sisi. Ukaniuliza bila kuinua macho, "Hivi Rama, wale malaika wa kaburini huuliza kwa Kiarabu?"

Nikacheka. Nikakwambia, "Wewe watakuuliza kwa Kizaramo, dada."

"Usinichezee. Malaika gani Mzaramo?" Ukaendelea kubangua. "Mimi Kiarabu changu ni cha kuswalia tu. Wakiniuliza jambo ambalo halimo kwenye sala, nimekwisha."

Kisha ukasema ulichokuwa umekusudia kusema tangu mwanzo. Ukitangulia, nikusomee talakini. Watu wakishafukia, nichuchumae kichwani pako, nikukumbushe majibu: Mola wako nani, Mtume wako nani, dini yako ipi. "Tena usome wewe. Sauti yako naijua, hata ukiwa na mafua."

Nami nikakupa darsa. Nikakueleza kwamba hadithi ya talakini ni dhaifu, wapokezi wake hawajulikani vizuri, kwamba masheikh wetu wa zamani waliifuata kwa mazoea, na kwamba Mungu hamhukumu mtu kwa maneno aliyosomewa na mwingine bali kwa aliyoyaishi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kama ulivyonisikiliza siku zote. Halafu ukasema, "Hadithi ni dhaifu. Na mimi je, nina nguvu?"

Wanafunzi walikuwa wamerudi, nikaona aibu kubishana na mwanamke mbele yao katika jambo la elimu. Nikaaga.

Ninapofika hapa kalamu inakuwa nzito. Kwani Kiarabu chako kilikuwa cha kuswalia tu kwa sababu gani? Baba alipokufa, mwalimu wa chuo cha Kurani alikubali kumchukua mtoto mmoja, na ujira wake ulikuwa kuni. Mimi nikakaa kwenye mkeka, wewe ukaenda msituni. Alhamdu na Kulhuwallahu ulizidaka kwa masikio ukitua mzigo nje, sisi tukipiga kelele ndani. Kila nilichokuja kujua baadaye, skuli ya serikali, vitabu, masheikh wa mjini, kimepita juu ya kichwa chako kilichobeba zile kuni. Na elimu hiyohiyo ndiyo niliyoitumia kukwambia hapana.

Usidhani najuta kwa yote niliyofundisha. Nilipowakataza watu kuchinja mbuzi wa mjane ili wale hitima ya mumewe, nilikuwa sawa, na leo ningesema tena. Dunia imebadilika. Vijana wanasoma magazeti, wanasikia redio dukani, wanauliza jambo hili lina asili gani katika dini, na ni haki yao kuuliza. Nilitaka dini ambayo kijana wa skuli hataionea haya. Lakini nilianza kusafisha nyumba nikasahau kwamba mna watu wamelala ndani.

Siku tuliyokuzika mvua ilikuwa inanyesha. Hukuwa na habari nayo, au ulikuwa nayo, sijui. Mimi niliingia kaburini kukupokea. Nilikulaza mwenyewe, nikakuelekeza kibla, nikafungua kamba za sanda. Tulipokwisha kufukia, Mzee Kibwana, yule jirani yako anayesomesha watoto, akachuchumaa kichwani pako, akashika udongo, akafungua kinywa. Idrisa, mwanafunzi wangu mkubwa, akamshika bega. Hakuwa mkali. Akasema tu, "Mzee wangu, siku hizi hatusomi. Maalim mwenyewe yupo hapa, muulize."

Watu wote wakanigeukia. Tatu alikuwa amebaki nyumbani na wanawake wenzake, lakini mwanawe alikuwepo, na ndiye aliyempelekea habari. Mzee Kibwana akaniangalia huku matone ya mvua yanachuruzika kwenye kofia yake. Alikuwa hajui kwamba uliniomba. Hakuna aliyekuwa anajua ila mimi na wewe na Tatu, uliyemwambia.

Nikasema, "Twendeni."

Tukaenda.

Sasa sikiliza kosa langu, maana silo lile ambalo watu wanalidhani. Tatu anadhani nilikosa kwa kukataa talakini. Hadithi ile bado ni dhaifu, dada, siwezi kusema uongo nikiwa mlangoni mwa kaburi. Lakini ipo nyingine ambayo hakuna anayeibishia, kwamba Mtume akimaliza kuzika alikuwa akisimama pale, akiwaambia watu wamwombee ndugu yao athibitike, kwa kuwa saa hiyo anaulizwa. Kusimama tu! Kuomba kwa lugha yoyote! Ningeweza kusimama juu yako nikaomba kwa Kizaramo, sauti yangu ukaisikia, na asiwepo mwanazuoni wa kunikosoa popote pale. Hilo nililijua. Nimelifundisha. Sikulifanya kwa sababu niliogopa Mzee Kibwana ataona nimelegea, na Idrisa ataona vilevile. Nilichelea ionekane nimesoma nusu talakini. Nikakuacha kwenye mvua na maswali yako ili msimamo wangu usiingie doa.

Hiyo haikuwa dini. Nimetafuta jina lake katika vitabu, na majina yako mengi, yote mabaya.

Juzi Tatu aliniletea uji, akakaa, jambo ambalo alikuwa halifanyi. Akasema, "Mjomba, na wewe tukuzikeje?" Alisema wamekwisha kuanza kunong'ona. Watu wa Marui wanataka nisomewe, wanafunzi wanasema atakayefungua kinywa wataondoka naye mzobemzobe. Anaogopa watapigana juu ya jeneza langu.

Nikajigundua nataka talakini isomwe. Mimi, Dada! Usiku nikikosa pumzi hujaribu kujibu yale maswali, na Kiarabu nilichokisomesha maisha yangu yote kinanitoka kama maji kwenye kikapu. Nataka mtu achuchumae kichwani pangu anikumbushe. Naogopa kama ulivyoogopa wewe, na mimi sina kuni zozote nilizombebea mtu.

Jana nimewaita wote wawili, Idrisa na Mzee Kibwana, na Tatu akasimama mlangoni. Niliwaambia uliyoniomba na nilivyokufanyia. Niliwaambia kwamba kuanzia sasa anayetaka kusomewa asomewe, asiyetaka asisomewe, na hakuna kuondoka kaburini kabla ya kusimama na kumwombea maiti.

Idrisa uso ulimshuka. "Maalim, leo umegeuka?"

"Hadithi haikugeuka," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa vibaya."

Mzee Kibwana akacheka kwa raha, unamjua. "Basi wewe nitakusomea mwenyewe. Nitapaza sauti mpaka Mlandizi wasikie!"

Nikamwambia hapana. Mimi nisisomewe.

Tatu akaingia ndani. "Mjomba, mama yangu hakuwa mtu wa kulipiza."

"Najua. Si yeye anayedai."

"Basi tutakuombea," akasema, "utake usitake. Utakuwa umelala, utatuzuia kwa nini?" Akatoka, nikamsikia analia jikoni. Lakini asubuhi hii amekaa tena kitandani kwangu, akanieleza habari za mihogo na nguruwe walioingia shambani, kirefu, kama ulivyokuwa ukieleza wewe. Kuniombea siwezi kuwazuia, na wala sitaki. Ila talakini nimeikatalia mbele ya mashahidi.

Dada yangu, Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako, na akusamehe lolote ambalo hukujua jibu lake. Nisamehe mdogo wako. Siku ile ya korosho niliondoka bila kukuahidi kitu. Leo naahidi hili moja: nilichokunyima sitakipokea. Sitakuwa na mtu wa kuninong'oneza la kusema. Nitaulizwa peke yangu, kama ulivyoulizwa.

Wako,
Rama