Suruali ya Barka

Langoni, Lamu
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mpendwa dada Shifaa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, shemeji Abdulkadir na watoto hamjambo huko Maskati, na joto halijawatoa roho. Sisi hapa tunapumua, alhamdulillah. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Ndugu yetu Barka alikatwa mguu Jumatatu, chini ya goti. Madaktari wanasema operesheni imekwenda vyema, kama neno hilo linafaa hapo. Anakula kidogo na hataki kuongea na mtu.

Kile kidonda nilichokueleza kwenye simu ndicho kilichomfikisha huko. Unajua alikuwa machimboni Manda, amepiga goti akiinua tofali la jiwe, likamponyoka na kumchana ugoko. Akafunga kitambaa akaendelea na kazi, ndiye Barka huyo. Vumbi likaingia, kidonda kikaoza. Tulipomlazimisha kwenda hospitali, maji yalikuwa yamezidi unga.

Ulilia ukasema ni ile jinzi uliyomletea, kwamba huko dukani walikuuzia takataka. Litoe hilo moyoni. Mimi ni fundi cherehani, nguo naijua. Siku ilipofika niliigeuza ndani nje: pamba tupu, nzito, haina mpira wa kuvutika. Mapajani imeshonwa mara mbili, kona za mifuko zina misumari ya shaba, na gotini ni pana, mtu achuchumae asibanwe. Ilikuwa ngumu hata ikasimama yenyewe sakafuni, nikamtania Barka kwamba itakwenda kazini bila yeye. Ndirangu, mwenzake wa machimboni, ana ya mtumba ya aina hiyohiyo, miaka sasa, na mawe huiachia mikwaruzo tu.

Ya Barka ilipasuka kama karatasi. Nilipoishika nikajua. Kila Alhamisi Mama alikuwa akiiloweka katika ile dawa ya chupa anayong'arishia kanzu zetu. Barka huswali adhuhuri hukohuko kazini, na Mama hakukubali mwanawe asimame mbele ya Mola na nguo ya jasho na dizeli. Barka alimwachia, asimvunje moyo. Dawa ikaila pamba, uzi kwa uzi.

Haya tunayajua mimi na wewe. Mama hajui, na wallahi asijue. Ukipiga simu, lilaumu jiwe. Nina hasira, Shifaa, na sina wa kumkasirikia.

Suruali nilikuwa nimeificha dukani kwangu chini ya mabaki ya vitambaa. Leo asubuhi nimemkuta Mama uani, ameipata, ameitia ndooni na dawa yake. Damu ni najisi, kasema, suruali haiwezi kumngojea mwanawe namna ile. Nilitaka kumnyang'anya, lakini ningemwambia kwa nini? Nikashika upande mmoja, tukaikamua pamoja.

Shangazi Mwanamkisi anakusalimu, na binti yake Tima pia, anawaulizia watoto. Mola akulinde huko ugenini na atupe sote subira. Usimsahau Barka katika dua.

Na Mama anakusalimu sana. Ameketi hapa karibu nami ninapoandika, suruali i juu ya magoti yake, hata haijakauka vizuri. Ametunga uzi kwenye sindano, kisha akaniuliza:

"Nambia, Nabhan, ni guu lipi, nilipinde mapema."

Nimemwambia la kushoto.

Nduguyo akupendaye daima,
Nabhan