Mtu wa Kupigiwa Simu

Jumapili, mwezi wa saba. Manyunyu tangu asubuhi.

Baridi ya Machakos mwezi huu haina adabu. Vilima vya Iveti sivioni kabisa kutoka dirishani, ukungu umevifunika, na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji kwenye kamba. Wiki iliyopita nilikuwa Unguja natokwa na jasho hadi katikati ya vidole vya miguu. Leo nimevaa soksi mbili mbili na koti la marehemu mama.

Daftari langu, nilikuahidi nitaandika kuhusu kisiwa. Nitaandika. Ila kuna kitu kimenikaa kooni tangu nirudi Alhamisi. Kila anayeniuliza safari ilikuwaje namjibu ilikuwa tamu, tamu ajabu, halafu namwonyesha picha. Nimesema hivyo dukani, nimesema hivyo kanisani, nimemwambia hata mama wa kuuza mboga. Wewe nitakwambia ukweli.

Safari ilikuwa ya wanawake watano wa chama chetu cha kanisani. Tuliipanga miaka mitatu, na fulana za kuvaa sote nilizishona mwenyewe, maana mimi ndiye fundi wao, huyu wa sare za shule. Halafu wakaanza kupukutika. Mmoja, mama mkwe akaugua. Mwingine, bwanake akauliza nani atamkamulia ng'ombe. Wa tatu, mtoto akafukuzwa shule wiki hiyo hiyo. Wa nne alinipigia siku tatu kabla ya kuondoka, akasema tu, "Mbithe, si unajua vile nyumba ilivyo?"

Mimi sijui vile nyumba ilivyo. Nyumba yangu hapa Katelembo iko na mimi, cherehani na redio. Aliyekuwa mume wangu ana familia nyingine huko Eldoret, na watoto Mungu hakunipa. Katika wanawake watano, mimi peke yangu nilikosa sababu ya kubaki.

Basi nikaenda.

Siku ya tatu kule nilijiandikisha kwa ile ziara ya pikipiki za magurudumu manne. Usinicheke. Miaka arobaini na tatu, na sijawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini wenzangu walikuwa wameniandikia kwenye wasapu, "Hiyo lazima! Tutumie video!" na mimi nilikuwa nimechoka kukaa ufukweni nikijifanya nasoma. Kukaa peke yako mahali ambapo kila mtu amekuja na mtu ni kazi ngumu, inachosha kuliko kukata vitambaa vya shule nzima.

Asubuhi hiyo tulikuwa kumi na mmoja. Wapenzi, marafiki, baba na binti zake, bwana na bibi harusi waliokuwa bado hawajazoea pete zao. Hesabu utaona nani alikuwa wa ziada. Kiongozi wetu, mtu wa makamo anayeitwa Khamis, alitupa kofia ngumu, miwani ya vumbi na vitambaa vya kufunga puani. Akatuonyesha kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, kwamba hicho ndicho cha kuongeza mafuta. Kisha akatupa fomu ya kujaza.

Jina. Umri. Nchi. Ugonjwa wowote. Nilijaza haraka haraka kama mtu anayejua mambo.

Halafu chini kabisa: mtu wa kupigiwa simu ukipata ajali.

Haki ya Mungu, nilikaa na ile kalamu mpaka Khamis akafikiri imeisha wino, akaniletea nyingine. Nilifikiria wenzangu wa chama. Niliwaona wakipokea simu, mmoja ameshika ndoo ya maziwa, anauliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Nilifikiria mwenye nyumba wangu. Nilifikiria mama, ambaye namba yake bado naijua lakini siku hizi inapokelewa na mwanamume mmoja anayesema nimekosea. Mkono ukaanza wenyewe kuandika namba ya Mutua. Ukaandika tarakimu nne. Nikazikata.

Mutua ni kaka yangu, ananizidi miaka miwili. Anakaa Ekalakala, kwenye shamba letu la nyumbani. Tumezaliwa wawili tu.

Hatujaongea miaka miwili, na kosa ni langu. Acha niliandike hivyo hivyo lilivyo, maana sijawahi kuliandika. Siku ya kumzika mama, Mutua alikuwa amesimama na maikrofoni anawashukuru watu. Nikamnyang'anya. Mbele ya padri, mbele ya wakwe zake, mbele ya watoto wake, nikasema huyu anayewashukuru leo alingoja mwili wa mama upoe ndio ajue njia ya hospitali. Watu wakainama. Mutua akainama. Na nilijua si kweli! Alikuwa akija kila wiki, kwa boda boda, na mvua ikiharibu barabara anakuja kwa miguu hadi lami. Lakini aliyelala kwenye kiti cha plastiki cha wodini usiku baada ya usiku ni mimi, na nilitaka kila mtu ajue ni mimi.

Alinipigia mara mbili mwezi ule. Nilitazama simu mpaka ikanyamaza. Hakupiga tena.

Kwa hivyo pale kwenye fomu, kwenye mstari wa mtu wa kupigiwa simu, niliandika namba yangu mwenyewe. Na mahali pa jina nikaandika "Fundi", maana ndivyo watu huniita mjini. Nikarudisha fomu. Khamis hakuisoma, akaiweka na zingine.

Tukatoka. Sasa hapo nisiseme uongo, ilikuwa raha. Ile kitu inaruka! Tulipita katikati ya minazi, tukapita mashamba ya muhogo, udongo mwekundu unapanda mpaka kwenye nyusi. Vumbi mimi ni mwenyeji wake, wale wazungu walikuwa wanakohoa, mimi nimefunga leso yangu vizuri naendesha kama niko njia ya kwetu Masinga. Nilicheka kwa sauti ndani ya ile kofia. Kisha nikageuka nimwambie mtu, "Umeona hapo?" Hakukuwa na mtu. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Msaidizi wa Khamis aliyepaswa kukaa nyuma yetu alikuwa amemrudisha mtalii mmoja aliyeshikwa na kichefuchefu.

Tukaingia kijijini. Kulikuwa na wanawake sita wamekaa barazani wanasuka ukili wa mikeka, na msafara ulipopita wakainua mikono, wakaita, "Karibuni!" Wenzangu wakawapungia wakapita.

Mimi nikasimama.

Sijui niseme nini. Huku kwetu mtu hawezi kukuinulia mkono na kukuita karibu, halafu wewe upite tu kama gari la serikali. Utasemwa mpaka ukome. Unasimama, unampa mkono, unamuuliza habari za nyumbani na za mvua. Miguu yangu haijui njia nyingine. Nikazima injini, nikavua kofia, nikaenda kuwapa mikono mmoja mmoja, wote sita. Wao wakashangaa sana, nadhani hakuna mtalii aliyewahi kushuka. Waliposikia Kiswahili changu cha bara wakacheka hadi wakaweka ukili chini.

"Umekuja na nani?" mmoja akaniuliza, mama mnene aliyepaka hina mikononi.

"Niko peke yangu."

"Peke yako! Maskini! Kaa kitako basi, unywe chai."

Nikakaa. Usiniulize kwa nini sikukumbuka msafara. Ni uongo, niliukumbuka. Niliusikia ukiyoyoma kule mbele, na moyoni nikasema, hebu tuone itachukua muda gani mtu agundue sipo. Ndiyo hivyo. Mtu mzima na duka lake, nacheza mchezo wa kujificha kwa watu wasionijua jina. Nilimaliza kikombe. Nikaongezewa. Hakuna aliyekuja. Nilianza kusikia uchungu hapa kifuani, ule wa mtoto aliyejificha vizuri mno, na wenzake wameenda kula.

Simu ikalia. Namba ya Tanzania, sijui ni ya nani. Nikapokea.

"Assalaam aleikum. Samahani bibie kwa kukushughulisha," ikasema sauti ya upole sana. "Usiingiwe na khofu. Nakupigia kwa sababu ya ndugu yako Mbithe, tuko naye matembezini huku Unguja. Hajafikwa na baya inshallah, ila kwa sasa hatumwoni."

Ilikuwa ni Khamis. Nilisikia injini zimezimwa nyuma yake, watu wananong'ona. Walikuwa wamesimama wote. Kwa ajili yangu! Walikuwa wananitafuta mimi.

Ningesema tu, ni mimi, niko hapa kwa baraza nakunywa chai. Sikusema. Sauti ile ilikuwa inamwonea huruma mtu aliyeko mbali, mtu aliyekaa nyumbani akiningoja nirudi mzima, na mimi nilitaka huyo mtu awepo hata dakika moja zaidi.

"Bibie? Unamjua Mbithe?"

"Namjua," nikasema.

"Wewe ni nani wake?"

Wale wanawake sita walikuwa wananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye Mbithe."

Nilingoja acheke, na ningemsamehe. Hakucheka. Akasema, "Haya. Tulia hapo hapo dada, nakuja mwenyewe."

Alipofika hakunigombeza. Aliwasalimia akina mama, akakaa kidogo barazani, akatoa ile fomu kwenye mkoba na kuitandaza gotini. Akaweka kidole pale chini, kwenye zile tarakimu nne nilizozikata, kisha kwenye namba yangu. "Dada, hapa sisi hatumtaki anayepotea," akasema. "Huyo tunaye. Tunamtaka wa kumtafuta."

Woi. Ningeomba ardhi inimeze na ile pikipiki yake.

Sehemu iliyobaki niliendesha nyuma yake kabisa. Kila baada ya mwendo kidogo anageuka, anainua kidole gumba, nami nainua changu. Anageuka tena. Nainua tena. Nililia njia nzima mpaka miwani ikaingia ukungu, nikawa nafuata rangi ya shati lake tu. Sijui nilikuwa nalilia nini hasa. Ni kwamba mtu alikuwa anageuka.

Picha niliyowatumia wenzangu ni ile niliyopiga mwisho, nimekaa juu ya pikipiki, macho mekundu. Wote wakasema vumbi la huko ni kali. Nikaweka alama ya kicheko.

Sasa nikwambie ya leo.

Nimetoka misa ya kwanza, nikakaa hapa kitandani na koti la mwaitu, lile la mama, nikapiga namba ya Mutua. Sikuitafuta kwenye simu, niliibonyeza kutoka kichwani. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Alhamisi: kwanza nimsalimie, niulize watoto, niulize kama wamevuna mbaazi, halafu pole pole niombe msamaha. Alipopokea tu na kusema "Mbithe?" yote yakayeyuka. Kilichotoka ni hiki, bila hata salamu:

"Mutua, mimi nikipata ajali, wakupigie wewe?"

Na kwetu simu isiyoanza na salamu ni simu ya msiba. Nilipaswa kukumbuka hilo.

"Uko hospitali gani?" akauliza.

Nikasema hapana, sikiza. Hakusikiza. Nikamsikia anamwita mkewe amletee koti, anauliza viatu viko wapi, kiti kikaanguka. "Uko hospitali gani, Mbithe? Ni hapo Machakos? Umeumia wapi? Usikate simu!" Nikamwambia niko nyumbani. Nikamwambia niko mzima. Nilisema mara tatu, mara ya nne nikapiga kelele ndio akasikia.

"Hakuna ajali?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nikajua sasa ananitukana, na ana haki, nilikuwa tayari. Hata nilikuwa nimefunga macho.

"Basi nakuja tu," akasema. "Nishavaa viatu."

Hiyo ilikuwa saa tano. Sasa hivi ni saa nane na nusu, atakuwa amepita Matuu zamani. Nimechemsha muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Nimepanga sahani mbili mezani, nikaziondoa, nikazipanga tena. Ile pole ya miaka miwili sijui inaanzia neno gani, na sitajifanya kuwa najua. Manyunyu yamegeuka mvua, na njia ya huku ikilowa boda boda hukataa kuingia. Atashukia lami na kutembea.

Wacha nichukue mwavuli nikamngoje barabarani.