Vyumba Viwili vya Mama

Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Salamu kwako, kwa Madame Syntiche na kwa watoto. Hamjambo? Sisi tupo, kwa neema ya Mungu, si kwa neema yako. Magoti bado yanamsumbua Mama, lakini sasa analala kitandani, ndani ya nyumba. Nitakueleza aliipataje.

Unajua tingatinga zilipita kando ya reli mwezi wa pili, na nyumba aliyoijenga marehemu Baba ikawa vumbi kabla ya saa sita. Tukalala chini kwenye salle, ule ukumbi wa parokia, familia arobaini, sufuria juu ya sufuria. Serikali ya jimbo ikaahidi vyumba kwa wale wasio na ndugu wa kuwapokea. Akaja Bwana Alphonse wa kamati ya kugawa vyumba, na daftari lake, kuandikisha watu.

Na mama yako, Yaya, hawezi kunyamaza mambo yako yakiulizwa. Alipoulizwa ana watoto wangapi, hakusema ana mimi, Annie, ninayemwogesha. Alinyoosha shingo mbele ya watu wote: «Mutoto yangu mukubwa Stanislas, iko na nyumba ya étage ku Golf!» Papo hapo Alphonse akamfuta. Akasema mwenye mtoto mwenye ghorofa Golf, mtaa wa matajiri, asije kuwanyang'anya maskini. Mama alicheka, akidhani anasifiwa.

Ndipo nikamleta kwako. Mama alikaa juu ya jiwe nje ya geti lako tangu asubuhi mpaka saa tisa, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Wewe hukutoka. Mlinzi akatuletea neno lako, kwamba serikali inatoa vyumba, twende tukapange mstari kama wengine. Mbwa wako wana kibanda chenye bati jipya, nilikiona. Nilikuchukia pale, nakuchukia sasa, na wino huu ungekuwa pilipili ningekupaka machoni. Njiani Mama akasema mlinzi yule ni mwongo, hakika ulikuwa safarini.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilirudi kwa Alphonse nikamwambia umekufa. Ajali ya lori upande wa Zambia, umezikwa hukohuko. Hakuomba karatasi, alisema mtu wa Lubumbashi akifa, kilio kinaonekana. Basi nikaweka kilio. Nikatandika mikeka uani kwa parokia, nikaegemeza picha yako ya diploma ukutani, akina mama wakaimba siku tatu. Alphonse mwenyewe alikuja, akavua kofia, akakaa. Wiki iliyofuata akatuletea ufunguo wa vyumba viwili.

Kwetu hakuna anayemlilia mtu anayepumua. Ni kumwita kaburini. Najua, na ninaogopa. Lakini dhambi yangu kubwa si hiyo. Mama hawezi kusema uongo, kwa hiyo sikumwambia ukweli. Amenyoa nywele zote. Anaamini.

Ukitokea mlangoni atapiga vigelegele mpaka mtaa mzima usikie, na siku hiyohiyo atamrudishia Alphonse ufunguo, anacheka, arudi kulala chini. Namjua. Kwa hiyo usije. Kwako hiyo si kazi ngumu.

Wasalimie watoto. Waambie bibi yao anawaombea kila siku, anawaita yatima wake.

Ubaki na afya yako, hukohuko.

Mdogo wako,
Annie