Baba Yenu Ameamka na Homa

Wanangu,

Nampeleka baba yenu hospitali. Chai iko kwenye chupa. Wali wa jana upasheni mpaka utoe moshi.

Alfajiri nilimgusa shingo, nikakuta anawaka. "Ni blanketi tu hili," akasema, huku meno yanagongana. Kipimajoto kikamuumbua. Daktari alishatuonya kwamba dawa za saratani ya damu zimemmaliza kinga, kwa hiyo homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali.

Wewe mkubwa, jana uliniita askari jela kwa sababu nilimzuia shangazi yenu mlangoni na mafua yake. Iliniuma, ila nimechoka mno kugombana. ~~Mwambie asikanyage tena hapa.~~ Mwambie ampigie kaka yake simu, porojo zake zinamchangamsha.

Badilisheni mashuka yetu. Mikono ioshwe kwa sabuni, siyo kuilowesha tu.

Teksi imefika. Nilitaka kuwaamsha mumuage, baba yenu akanishika mkono. "Waache walale," kasema. "Watataka kunikumbatia, na mimi sitaweza kuwakatalia."

Mama yenu